Mshairi Aliyemficha Daktari Wake

Kila mwaka ukurasa huu wa watu mashuhuri huangukia kwa Lumumba, na si vibaya, maana tangu mwaka 2018 ana uwanja wenye jina lake pale Porte de Namur, na wengi wetu tunakutania hapo kabla ya kuingia Matonge kutafuta sombe na samaki. Mwaka huu zamu ya kuandika ni yangu, na mniwie radhi, naandika habari za Mfaransa. Tena Mfaransa aliyeutukana mji huu wa Brussels kuliko mwanafunzi yeyote aliyewahi kunyimwa chumba cha kupanga. Anaitwa Charles Baudelaire, mshairi. Alikaa hapa miaka miwili, kuanzia 1864 hadi 1866, na hapa ndipo mwili wake ulipomshinda.

Sababu ya kumchagua ni goti langu. Mwaka jana nilikata kano ya goti kwenye mechi yetu ya Jumapili, nikapasuliwa, nikarudi chumbani na magongo mawili na vidonge vya maumivu. Vilikuwa mchanganyiko wa tramadoli na parasetamoli. Tramadoli ni ya ukoo wa afyuni, jambo ambalo mimi mtu wa mashine nilikuwa sijui na wala sikuuliza. Nilimeza wiki tisa. Goti lilipotulia nikaacha siku hiyohiyo, kama mtu anavyozima taa.

Kesho yake jioni nikaanza kupiga miayo mfululizo. Machozi, kamasi, nikasema ni mafua. Usiku miguu ikawa inarusha mateke yenyewe. Jasho linanitoka huku nimejifunika mablanketi mawili natetemeka, vinyweleo vimesimama kama kuku aliyenyonyolewa. Tumbo likafunguka. Siku ya tatu nilikaa sakafuni nikalia, na sikuwa na msiba wowote. Nikampigia simu kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, Magomeni. Yeye alikula unga miaka sita, na tangu 2013 yuko kwenye methadoni ya Muhimbili, kliniki iliyoanza mwaka 2011. Sikumaliza hata kueleza. Akanikatisha akasema hiyo ni arosto, akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. Akaniuliza mambo mawili: nimebakiwa na vidonge vingapi, na je, daktari anajua nilikuwa nameza vingapi. La kwanza nilimjibu. La pili nikasema mtandao unakatika.

Wiki hizohizo, nikiwa bado na gongo moja, mwalimu wetu wa Kifaransa wa darasa la jioni alitutaka tusome habari za mwandishi mmoja aliyepita Brussels. Nikaangukia kwa Baudelaire.

Alizaliwa Paris tarehe 9 Aprili 1821. Baba yake alikuwa mzee wa miaka 61, aliyewahi kuwa padri kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa. Mama yake, Caroline, alikuwa na miaka 27. Mzee alifariki mwaka 1827, na mwaka uliofuata mama akaolewa na mwanajeshi aitwaye Jacques Aupick, ambaye baadaye alipanda mpaka kuwa jenerali na balozi. Mtoto hakumsamehe baba huyo wa kambo maisha yake yote. Barua nyingi alizoandika mpaka uzeeni, kama miaka 45 ni uzee, zilikwenda kwa mama: za kudeka, za kulaumu, za kuomba pesa.

Alifukuzwa shule mwaka 1839. Akaingia mtaani, madeni, wanawake, na katika ujana huo akapata kaswende. Mwaka 1841 familia ikaona dawa ni kumpakia melini kwenda Calcutta ili akili imkae sawa. Meli ikaizunguka Afrika ikatia nanga Morisi mwezi Septemba, kisha Réunion, ambako utumwa ulikuwa bado ni halali. Hapo kijana wa miaka 20 akagoma kuendelea, akageuza. India hakufika. Pwani yetu hakuiona, ila alipita kwenye bahari ileile inayopiga Forodhani, na joto lile na harufu zile zilimkaa mpaka kufa. Wanaosoma mashairi yake wanazikuta humo.

Aliporudi akatimiza umri wa kisheria, akakabidhiwa urithi wa baba yake, faranga 100,000 hivi. Ndani ya miaka miwili karibu nusu imekwisha: mavazi, michoro, samani. Septemba 1844 familia ikamweka chini ya usimamizi wa mahakama, na mthibitishaji mmoja aitwaye Ancelle akawa anampimia posho. Yaani mtu mzima, mshairi mkubwa, alisubiri bumu mpaka siku ya kufa.

Sasa tuingie kwenye chupa. Kuna watu wanamjua Baudelaire kama mla bangi, kwa sababu katika miaka ya 1840 aliishi kwenye jumba la Pimodan jijini Paris, ambamo waandishi na madaktari walikuwa wanakutana kula hashishi. Waliokuwepo wameandika kwamba yeye alikuwa mtazamaji zaidi kuliko mlaji. Kilichomshika ni laudanamu, afyuni iliyolowekwa katika mvinyo au kileo. Ilikuwa inauzwa duka la dawa kama sisi tunavyonunua dawa ya kikohozi. Alianza kuitumia kwa ajili ya tumbo na maumivu. Kichocheo kilichozoeleka Ufaransa, kinachoitwa kwa jina la daktari Sydenham wa Uingereza, kilikuwa na afyuni, zafarani, mdalasini na karafuu. Karafuu, jamani. Kwa miaka hiyo mzalishaji mkubwa wa karafuu duniani alikuwa Unguja na Pemba, kwa jasho la watumwa. Sitashangaa kama tone moja la Pemba lilipita kooni kwa Baudelaire.

Desemba 1847, akiwa na miaka 26, alimkiri mama yake katika barua kwamba laudanamu na mvinyo havitibu huzuni. Alikuwa anajua. Aliendelea.

Nieleze hapa kinachotokea mwilini, kwa lugha ya fundi. Jenereta ina gavana. Mzigo ukiongezeka, gavana inaongeza mafuta ili mzunguko ubaki palepale. Ukiung'oa mzigo wote kwa mkupuo, jenereta inanguruma na kukimbia ovyo mpaka gavana ijirekebishe. Kwenye shina la ubongo kuna kiini kidogo kinachotoa noradrenalini, kemikali inayotuweka macho na kuuamsha moyo. Afyuni inakikandamiza kiini hicho: ndio mzigo. Siku za mwanzo mtu anatulia, anasinzia. Lakini kiini hakikubali, kinaongeza nguvu taratibu, na baada ya wiki kadhaa dozi ileile haifui dafu. Huo ndio usugu. Siku afyuni inapoondoka, zile nguvu za ziada zinabaki hazina cha kusukuma: moyo mbio, jasho, vinyweleo, miguu. Tumbo nalo ni hivyohivyo, maana afyuni hufunga choo, na ikitoka linalipiza. Kwa heroini arosto huanza ndani ya saa 8 hadi 24, hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, na mengi hutulia ndani ya siku kumi. Usingizi na moyo mzito vinaweza kuchukua miezi.

Hayo yote hayakujulikana zama za Baudelaire. Vipokezi vya afyuni kwenye ubongo vilitambuliwa mwaka 1973. Wao waliona tu kwamba mtu akiacha anaugua, na akirudi anapona, wakahitimisha kwamba bado ni mgonjwa anayehitaji dawa.

Umaarufu wake nitaupitia haraka. Alitafsiri hadithi za Mmarekani Edgar Allan Poe. Juni 1857 akatoa Les Fleurs du mal, na tarehe 20 Agosti mahakama ikamtoza faini na kupiga marufuku mashairi sita kwa kuvunja maadili. Marufuku hiyo Ufaransa iliifuta mwaka 1949, miaka 82 baada ya mwenyewe kufa. Kwa kitabu kile kimoja anahesabiwa baba wa ushairi wa kisasa wa Ulaya.

Kitabu kinachonihusu mimi ni kingine, Les Paradis artificiels cha 1860. Sehemu ya kwanza ni hashishi, ya pili ni afyuni. Hiyo ya pili anasimulia upya maisha ya Mwingereza Thomas De Quincey, aliyeonja afyuni mara ya kwanza mwaka 1804 kwa sababu ya maumivu ya uso, na akafikia kumeza matone 8,000 ya laudanamu kwa siku. De Quincey aliwaambia wasomaji wake mwaka 1821 kwamba amekaribia kuukata mnyororo. Hakuukata. Alifariki Desemba 1859 akiwa bado mtumiaji. Baudelaire hakudanganyika: sura inayosimulia ushindi ule aliipa kichwa kinachosema kwamba mwisho huo si wa kweli. Na kitabu kizima kina hoja moja nzito, kwamba anayeiazima akili yake kwenye sumu atafika mahali hana akili bila sumu hiyo. Mambo haya aliyaelewa vizuri sana. Hilo lishikeni, tutalirudia.

Tarehe 24 Aprili 1864 akashuka Brussels. Alikuwa anakimbia wadai wa Paris, na alikuwa na mipango miwili: kutoa mihadhara ya kulipwa, na kumuuzia kazi zake mchapishaji Lacroix, yuleyule aliyekuwa ametoa Les Misérables ya Victor Hugo mwaka 1862. Akapanga chumba katika Hôtel du Grand Miroir, Rue de la Montagne. Ukishuka kutoka Gare Centrale kuelekea Grand-Place mtaa huo uko hapo karibu. Hoteli yenyewe haipo tena.

Mihadhara aliitoa mwezi Mei, Grand-Place, katika Maison du Roi. Jengo mnaloliona leo, lenye makumbusho ya jiji, lilijengwa upya baadaye. Mhadhara wa kwanza, juu ya mchoraji Delacroix, ulikwenda vizuri. Wa pili watu wakapungua. Mitatu ya mwisho ilikuwa juu ya hashishi na afyuni, na hapo alikuwa anaviambia viti zaidi kuliko watu. Malipo yakawa madogo kuliko alivyotegemea. Mwezi Juni akasomea kwenye karamu iliyoandaliwa makusudi ili Lacroix amsikie. Lacroix hakutokea.

Nani kati yetu hajawahi kukaa mji asioupenda kwa sababu hana nauli ya kuondoka? Yeye alikwama kwa sababu ya bili. Hawezi kuhama hoteli mpaka alipe, hana cha kulipa, anakaa, bili inakua. Akaanza kuandika kitabu cha matusi juu ya Ubelgiji nzima: mitaa, chakula, bia, nyuso za watu, mpaka namna wanavyotembea. Nimesoma kurasa kadhaa nikacheka, halafu nikachoka. Ni hasira ya mgonjwa. Rafiki yake wa karibu hapa alikuwa mchapishaji wake wa zamani, Poulet-Malassis, naye mkimbizi wa madeni, aliyekuwa akiishi Ixelles, manispaa ileile yenye Matonge yetu.

Mwaka ule wa kwanza aliwaandikia watu wake kwamba ana kuhara kusikokoma, moyo unamwenda mbio, na tumbo linamsokota. Akailaumu hali ya hewa. Mimi si daktari na orodha hiyo inaweza kuletwa na mambo mengi, kaswende ikiwemo, ila niliposoma nilikuwa nimetoka kwenye orodha yangu wiki mbili zilizopita, na niliifunga kompyuta kwa muda.

Halafu nikafika kwenye barua ya mwisho wa Desemba 1865, kwa mama. Kichwa kilikuwa kinamuuma vibaya, maumivu ya neva. Daktari wa hapa akamwandikia vidonge vyenye kwinini, dijitali, beladona na mofini. Na Baudelaire anamsimulia mama yake, bila haya, kwamba daktari hajui kuwa yeye ni mtumiaji wa siku nyingi, kwa hiyo anazidisha mwenyewe, mara mbili, mara nne.

Tazama hesabu yake. Kuhusu usugu alikuwa sahihi kabisa: dozi ya mtu mgeni isingemfanya lolote. Lakini kidonge ni kimoja. Anayezidisha mofini mara nne amezidisha na dijitali mara nne, na dijitali inacheza na mapigo ya moyo. Amezidisha na beladona, ambayo ni sumu. Mtu aliyeandika kitabu bora cha karne yake juu ya afyuni alikaa mbele ya daktari akanyamaza. Sidhani alikuwa mjinga. Nadhani aliogopa mambo mawili: kuonekana, na kunyang'anywa.

Nasema nadhani, lakini kwa upande wangu najua. Mimi niliandikiwa vidonge sita kwa siku. Wiki ya nne nilikuwa nameza kumi na viwili, na vya ziada alinipa rafiki aliyekuwa navyo vya mgongo. Kila nilipoulizwa kliniki kama nafuata maelekezo nilisema ndiyo. Mtoto wa mwalimu, mwanafunzi wa uzamili, mwenye kaka aliyeitwa teja na mtaa mzima. Mimi mwenyewe nimewahi kumwita hivyo. Baada ya barua ile nilimpigia kaka tena, nikamtajia kumi na viwili. Hakunisuta. Akaniambia nichukue boksi na pakiti zote tupu, nimwekee daktari mezani, nisianze kueleza kwa mdomo kwa sababu mdomo utapunguza.

Nilifanya hivyo. Daktari alipozihesabu hakushtushwa na tramadoli kama nilivyotegemea. Kilichomkaa ni parasetamoli iliyokuwa imejificha mle ndani, akaagiza ini lipimwe. Kisha akanieleza kwamba tramadoli ikipita miligramu 400 kwa siku inaweza kuleta degedege, na mimi nilikuwa kwenye 450. Akanirudisha kwenye vidonge vichache alivyovijua yeye, tukawa tunashusha kimoja kila baada ya siku tatu au nne. Ilichukua wiki tano. Nilipata miayo tu. Aliniambia jingine ambalo naliandika hapa kwa faida ya wale wa bia za hapa zenye nguvu: arosto ya afyuni inatesa lakini kwa mtu mwenye afya ni nadra kuua, ila mlevi wa kila siku, au mtu wa vidonge vya usingizi kama dayazepamu, akiacha kwa mkupuo anaweza kufa kwa degedege. Huyo aache akiwa mikononi mwa daktari. Na aliyekwisha kuacha afyuni, akirudia dozi yake ya zamani, mwili hauna tena usugu ule, anaacha kupumua. Kaka anasema wengi aliowazika walikufa hivyo, wiki ya kwanza baada ya kutoka jela.

Baudelaire hakupata wa kumshusha. Machi 1866 alikwenda Namur na Poulet-Malassis na mchoraji Félicien Rops kulitazama kanisa la Saint-Loup alilolipenda sana. Mle ndani akaanguka. Walimrudisha Brussels, na kufikia mwisho wa mwezi upande wa kulia umepooza na maneno yamemtoka. Kilichompooza wanakihusisha na kaswende, si laudanamu, na sitaki kumsingizia afyuni kifo ambacho si chake. Tarehe 3 Aprili alilazwa kwa masista, katika Taasisi ya Saint-Jean na Sainte-Élisabeth. Kilichobaki mdomoni mwake kilikuwa tusi moja fupi, nusu ya kiapo, na alilitumia kwa kila kitu: njaa, furaha, hasira. Masista walitishika. Inasimuliwa kwamba alipoondoka walinyunyiza maji ya baraka chumbani.

Mama alikuja kutoka Ufaransa, akiwa na miaka 72, akamchukua. Mwezi Julai wakampeleka kliniki moja Paris. Marafiki walimtembelea, wakampigia piano muziki wa Wagner, akasikiliza, akaelewa, hakuweza kujibu. Alifariki tarehe 31 Agosti 1867, miaka 46, baada ya miezi 17 bila lugha.

Walimzika makaburi ya Montparnasse, kaburi moja na Jenerali Aupick. Mama yake aliingia humohumo mwaka 1871. Barua alikuwa amezitunza, na ile ya Desemba 1865 ikiwemo. Ndiyo maana mimi na wewe tunaijua dozi ambayo daktari wa Brussels hakuwahi kuambiwa.